Gereji Ile Haikuwa Yangu Peke Yangu

Tangu yale ya gereji yangu yalipojulikana, kuna vijana wa kanisani kwetu ambao wakiniona hushusha sauti, na kuna wengine ambao ndiyo kwanza wamenigundua. Ninawaandikia ninyi wa pili. Mlinifuata kwenye maegesho baada ya ibada, mmoja ana leseni ya kulenga shabaha, mwingine anasomea ufundi wa chuma, mkaniuliza kwa kunong'ona kana kwamba mnaulizia ugonjwa: "Mama Esta, mtu akitaka kuanza karakana ndogo ya kutengeneza bunduki nyumbani, aanze na nini?"

Sikuwajibu. Nilijidai natafuta funguo za gari kwenye mkoba, nanyi mkaondoka mkidhani mama amezeeka, hasikii. Nilikuwa nimesikia vizuri sana. Ila Mama Riziki alikuwa amesimama mlangoni mwa kanisa na sahani ya keki mkononi, na siku zile Mama Riziki alikuwa hajakanyaga nyumbani kwangu tangu msiba wa kaka yake. Sikujua kama angekanyaga tena maishani. Nisingeweza kuzungumzia bunduki mbele ya macho yake hata kwa kunong'ona.

Sasa nawajibu kwa maandishi. Vifaa nitavitaja, msiwe na wasiwasi. Lakini nitawapa na aibu yangu, kwa sababu sijui namna ya kutenganisha hivi viwili.

Kwanza kibali. Nalisema mapema ili asiye na subira aache kusoma hapa. Hapa Sydney bunduki ya mtu mwingine huishiki kwa matengenezo bila polisi kukujua wewe, nyumba yako, kabati lako la chuma na ukuta ulioshikilia kabati hilo. Mtu asikudanganye kwamba ukiwa gerejini kwako hakuna anayeona. Mimi mkaguzi alipokuja alilitikisa kabati kwa mikono miwili, akataka kujua nani mwingine anaishi humu, akaangalia kufuli na dirisha. Alikuwa mtu mpole na nilimjibu kila kitu. Hakuniuliza kama watu wangu wanajua. Lingekuwa swali la mwisho kwenye karatasi yake, pengine nisingekuwa na haya ya kuwasimulia.

Baada ya kibali, meza. Iwe nzito. Mtakuta watu wanaonunua mashine kabla ya meza, halafu wanafanya kazi ya kupima unywele juu ya kitu kinachotikisika kama kitanda cha kambini. Meza yangu aliniachia Mzee Colin alipofunga karakana yake kule Minto, pamoja na jiliwa yake kubwa, ile wengi huita vaisi. Meno ya jiliwa yafunikeni kwa ngozi au mbao laini, maana meno ya chuma yakiuma kitako cha bunduki cha mbao ya walnati, alama haitoki hata uombe.

Mzee Colin ndiye aliyenifundisha. Mimi nilikuwa msafishaji wake. Nilikuwa mgeni hapa, nimetoka kambini Kigoma na mtoto mmoja na Kiingereza cha salamu, na kampuni ya usafi ikanipeleka kwenye maghala ya Minto: ofisi mbili, duka la matairi, na mlango mmoja wa kijani usio na jina. Nilifungua mlango ule nikiwa na ndoo na mopu, nikaona bunduki zimepangwa ukutani. Niliiacha ndoo. Nilitoka nikajibanza nyuma ya pipa la takataka la duka la matairi, nikakaa hapo nikisubiri milio. Haikuja. Akaja mzee mrefu wa miwani, shati limejaa vumbi la mbao, akaketi chini kwenye lami hatua chache kutoka kwangu, kimya, kama mtu anayemsubiri paka.

Baadaye alinionyesha moja. Aliitoa komeo, kile chuma kinachosukuma risasi ndani, akaniwekea mkononi. Kisha akaniambia niangalie ndani ya mtutu kutoka nyuma, kuelekea dirishani. Niliona duara la mwanga, na ndani ya duara tairi lililoning'inizwa ng'ambo ya uwanja. "Sasa hivi ni bomba," aliniambia. "Ikiwa hivi ni bomba. Lakini hatuishiki kama bomba." Halafu akanipa sheria ambayo kwake ilikuwa juu ya zote: mdomo wa bunduki usimpite mtu. Hata ikiwa tupu. Hata ikiwa umeitoa komeo. Hata ikiwa umeikata vipande viwili ukaitupa jalalani, usiitupe mdomo ukimwelekea mtu.

Hilo liandikeni ukutani kwa rangi. Nitalirudia.

Niliingiaje kwenye ufundi? Kwa msasa. Mikono ya Mzee Colin ilikuwa imeanza kumsumbua, vidole havikunjiki, na kusugua kitako kwa msasa kunataka vidole, kwa hiyo akaniajiri mimi. Alinionyesha namna ya kufuata nyuzi za mbao, nisikate katikati yake, nianze na msasa mkali nimalizie na laini, halafu mafuta ya kitani kwa kitambaa, kidogo kidogo, siku kwa siku. Nilipenda. Wanangu, nitasema ukweli, nilipenda kazi ile kuliko kazi yoyote niliyowahi kufanya, na hapo ndipo aibu ilipoanza. Mtu kama mimi, nilikotoka, nipende vitu vile?

Ngoja niwachekeshe kidogo. Mkulima mmoja alileta bunduki ya babu yake, ya kupigia sungura na mbweha, kitako kimechakaa. Mzee Colin alikuwa na safari ya hospitali, akaniambia nikisafishe. Kwenye sehemu ya kushikia kulikuwa na mistari myembamba imekatwa kwa mshazari, inapishana, imejaa uchafu wa mikono ya babu. Nikajiambia, jamani, mtu amekichora kitako cha watu kwa kisu! Nilisugua mchana kutwa. Mistari ile ilikataa, nikaongeza nguvu. Mzee Colin aliporudi kilikuwa laini kama shavu la mtoto, nami nimesimama kando nasubiri sifa.

Alivuta kiti akakaa. Akavua miwani. Ile ilikuwa nakshi ya kuzuia mkono usiteleze, imekatwa na fundi aliyekwisha kufa, na mimi nimeifuta yote kwa bidii.

Hakunifokea. Alinipa kifaa kidogo chenye meno, akaniwekea mabaki ya mbao, nikafundishwa kukata mstari kwa mkono, mmoja baada ya mwingine, mpaka nikaweza kuirudishia bunduki ile nakshi yake. Mkulima alipokuja aliipapasa, akasema imekuwa kama mpya. Mimi nilishukuru Mungu moyoni nikidhani yamekwisha. Mzee Colin akamwambia, "Ni mpya. Ya zamani tuliifuta kwa makosa. Huyu hapa ndiye aliyeifuta na ndiye aliyeikata upya." Nilitamani sakafu inimeze. Mkulima alinitazama, akaitazama bunduki, akauliza kama ninaweza kumfanyia na ya shemeji yake.

Nilimuuliza Mzee Colin baadaye kwa nini amenisema, mtu mwenyewe alikuwa hajagundua. Akasema mteja anapaswa kujua mikononi mwake kuna nini. Jibu hilo nililibeba miaka yote ile nikiwa kazini, na kila jioni nikishuka kwenye treni nililiacha ndani ya behewa.

Maana nyumbani nilikuwa msafishaji. Sikuwahi kusema uongo kwa mdomo wangu, na hilo nilikuwa nikijisifia, kana kwamba ni jambo la kujisifia. Watu walinijua ninasafisha Minto, wakaendelea kunijua hivyo, nami nikawaacha. Wenzangu wengi hapa wanaona haya kusema wanasafisha vyoo. Mimi nilijificha nyuma ya vyoo.

Mama Riziki alikuwa rafiki yangu tangu kambini. Yeye ni wa Uvira, mimi wa Makamba, sote tumekimbia vita, tumechota maji bomba moja Kigoma, na ndege zilizotuleta zilipishana siku chache tu. Alipata kazi ya kutunza wazee. Alikuwa anaona vidole vyangu vimeingia weusi wa mafuta na ngozi imepasuka, anasema, "Masabuni ya vyoo hiyo. Yatakumaliza." Basi kila Krismasi ananiletea glavu za mpira kutoka kazini kwao, boksi zima, amelifunga kwa karatasi ya zawadi. Nazipokea. Nasema asante, dada. Kisha nazipeleka Minto kupakia mafuta vitako vya bunduki.

Turudi kwenye vifaa, nisije nikaacha kuandika.

Bisibisi. Msinunue seti moja ya supamaketi mkadhani mmemaliza. Skrubu za bunduki za zamani zina ufa mwembamba na bisibisi lazima iujaze ufa ule kwa upana na kwa unene, bila kucheza. Ikicheza, itateleza, itakwangua chuma, na mwenye mali atauona mkwaruzo ule kila atakapoishika mpaka afe. Bisibisi nyingi nimezichonga mwenyewe kwa tupa zikae sawa. Kuweni na nyundo ya shaba, isiyoumiza chuma, na vijiti vya kugongea pini. Kuweni na taa nzuri, miwani ya kukinga macho, na ndoo ya mchanga ya kuelekezea mdomo. Risasi za kweli zisiingie kabisa kwenye chumba cha kazi, kuna za bandia za kujaribia. Na trei za mayai, msizitupe! Ukifungua bunduki, kila kipande kiweke kwenye shimo lake kwa mpangilio uliokitoa. Na springi, funikeni kwa kitambaa kabla hamjaitoa. Mimi yangu ya kwanza iliruka ikaingia nyuma ya friji, nikaitafuta kwa sumaku iliyofungwa kwenye mwiko huku Esta, binti yangu, anacheka mpaka anakohoa.

Kila ukishika bunduki, fungua uangalie ndani, kisha ingiza kidole uhakikishe. Ukiiweka chini kwenda kunywa chai, ukirudi angalia tena, hata kama ulikuwa peke yako.

Sasa mahali pa kuweka hivi vyote. Hapa ndipo nilipokosea kuliko kwenye ile nakshi.

Nyumba yangu ya Rooty Hill ina gereji ya magari mawili, na mimi sijawahi kuwa na magari mawili. Mnaijua. Wengi wenu mmekulia humo. Wenzetu wengi wanaishi kwenye maghorofa ya Blacktown, majirani wakisikia wimbo wanapiga simu, kwa hiyo gereji yangu ndiyo ilikuwa sebule ya kila mtu. Humo tumepokea maharusi, tumeombea wagonjwa, tumekaa matanga ya watu waliofia mbali ambao hatukuweza kuwazika. Viti vya plastiki vilikuwa vimepangwa ukutani mwaka mzima. Rimoti ya mlango ule mkubwa wa kujikunja ilikuwa kwenye gari la Esta, na nyingine alikuwa nayo mama mmoja wa kwaya, hata sikumbuki nilimpa lini.

Nilipostaafu, naye Mzee Colin akafunga karakana, na wateja wachache wa zamani wakaomba niendelee. Nikawaza: gereji si yangu? Nikatoa viti nikaviweka chini ya paa la nyuma, nikaingiza meza, jiliwa na kabati. Nikawaambia watu nimeweka mashine zangu za kushonea. Hapo ndipo ulinitoka uongo wa mdomo, mzima, bila haya. Rimoti ya mama wa kwaya niliichukua tena. Ya Esta niliiacha, nilisema ni mwanangu, anajua.

Esta aliniambia, "Mum, just tell them." Waambie tu. Nikamwambia anyamaze, hayajui mambo ya watu wazima. Ni nesi, yeye mwenyewe ni mtu mzima siku nyingi.

Siku yenyewe nilikuwa nafunga kitako kipya kwenye bunduki ya mteja. Komeo nilikuwa nimeitoa iko kabatini. Bunduki iko kwenye jiliwa, mdomo kwenye mchanga, mimi nimevaa aproni na glavu za Mama Riziki, redio inaimba. Simu iko jikoni kwenye chaji. Sikujua kwamba asubuhi ile kutoka Uvira walikuwa wamempigia Mama Riziki kumwambia kaka yake mkubwa hayupo. Sikujua kwamba wamama wamekwisha kukusanyika kwake, kwamba Esta amepita hapo kutoka zamu, na kwamba wote kwa pamoja wamesema lile tulilolisema siku zote: twendeni kwa Mama Esta. Kwetu msiba haupigi hodi. Hupigi simu kuuliza kama kuna nafasi, unabeba sufuria unakwenda.

Esta alinipigia, haikupokelewa. Aliingiza gari kwenye njia ya gereji, Mama Riziki analia kiti cha mbele, magari mengine nyuma yake. Na kidole chake kikabonyeza rimoti, kama kilivyozoea tangu alipopata leseni ya gari.

Mlango ukaanza kupanda nyuma yangu. Mwanga ukaingia miguuni, ukanipanda mgongoni. Niligeuza shingo nikaona sketi, khanga, sufuria, kisha nyuso.

Fundi angeiacha bunduki palepale ilipo. Iko kwenye jiliwa, mdomo kwenye mchanga, haina komeo, haiwezi kumdhuru hata nzi. Ningesogea mbele yake tu nifungue mikono. Lakini aibu haina ufundi. Kichwani mwangu kulikuwa na neno moja, ficha. Nililegeza jiliwa, nikaichomoa, na kwa kuwa kabati lilikuwa upande wa mlango, niligeuka nayo. Mdomo ukapita. Ulipita kwa mama wa kwaya, ukapita kwa mama aliyebeba maharage, ukamfikia Mama Riziki.

Hakupiga kelele. Alishuka. Alilala kifudifudi kwenye saruji akiwa na vitenge vyake vya msiba, shavu chini, viganja kisogoni, amefanya haraka na vizuri, kama mtu aliyefundishwa jambo hilo utotoni. Sufuria la maharage lilianguka likabiringika mpaka barabarani. Wengine walikimbia, wengine walichuchumaa nyuma ya gari la Esta.

Nami nimesimama nayo mkononi, napiga kelele, "Haina kitu! Haina kitu!"

"Mum! Put it down!" Esta alilia. "Iweke chini, Mama, iweke chini!"

Niliiweka. Esta alimwinua Mama Riziki. Shavuni alikuwa na vumbi la saruji na hakulifuta. Hakunitazama. Aliwaambia wenzake, kwa sauti ya kawaida kabisa, "Tuende."

Walikwenda kukaa matanga kwenye gereji ya mtu mwingine, Blacktown, ndogo, nusu ya watu wakikaa nje kwenye nyasi. Nilikwenda. Nilipika sufuria kubwa la wali nikaenda, sikuwa na uso lakini nilikwenda. Mnajua msiba wetu unavyokuwa: wanawake wamezunguka mabeseni, wanamenya ndizi na viazi, mkono kwa mkono, na ukifika tu mtu anakusukumia kisu kabla hata hujakaa. Nilifika. Wali wangu ulipokelewa. Nikaletewa kiti, nikaletewa chai kwenye kikombe chenye sahani, nikaambiwa, "Karibu, mama, pumzika." Hakuna aliyenipa kisu. Nilikaa pale na kikombe changu kama mgeni kutoka serikalini, nikiwaangalia watu niliochota nao maji wakimenya viazi. Afadhali wangenitukana.

Siku zilizofuata niliwaza kuuza kila kitu. Nilimpigia Mzee Colin, amezeeka sana sasa, nikamweleza. Nilimweleza habari za marafiki, yeye akaniuliza, "Mdomo uliwapita?" Nikasema ndiyo. Hakunipa pole. Na wala sikustahili.

Mama Riziki alikuja Jumamosi moja, asubuhi, amevaa sare ya kazini. Alibisha hodi. Mwanamke yule hajawahi kubisha mlango wangu, huwa anaita jina langu akiwa tayari jikoni.

"Karibu ndani, dada."

"Sikai. Nionyeshe ile kitu."

"Kitu gani?"

"Usinichezee, Mama Esta. Ile kitu."

Nilimpitisha gerejini. Nilimwambia asimame nyuma yangu, nikafungua kabati, nikaitoa mdomo ukiwa chini, nikamwonyesha mahali pa risasi, nikaingiza kidole changu. Nikaifunga kwenye jiliwa, mdomo uelekee dirishani, bila komeo.

"Njo hii kazi unatumikaka?" aliuliza. "Miaka yote?"

"Miaka karibu yote."

"Na vyoo?"

"Mwanzoni tu."

Alitikisa kichwa kidogo, kama anayepanga kitu mahali pake. Nikamwambia anaweza kuangalia ndani kutoka huku nyuma, akitaka. Sikudhani atakubali. Aliinama polepole, ameshika magoti, akaweka jicho. Alikaa hivyo kitambo.

"Naona mti," alisema. "Naona mulimau."

"Ni wa jirani."

Aliinuka. Akaunyoosha mkono, akaonyesha ncha ile nyingine ya mtutu, ya dirishani. "Mie nilikuwaka upande ule," alisema. "Siku zote, upande ule."

Niliona haya kwa ajili ya mikono yangu, kwa ajili ya mafuta mazuri yale niliyokuwa nayapaka mbao huku nikijisikia fundi. Nilisema nisamehe. Alisikia, ila hakulichukua neno hilo, aliliacha pale mezani.

"Glavu nilikuwa nakuletea," aliuliza, "ulikuwa unafanya nazo nini?"

"Nilikuwa napakia mafuta vitako."

"Zote?"

"Zote, dada."

Alinitazama sana. Halafu akasema, "Matanga ya kaka tunaondoa mwezi ujao. Nataka ikuwe hapa. Lakini hizi vitu zisikuwe hapa. Hii ni gereji yetu." Akaenda kazini.

Kwa hiyo hili ndilo jibu la swali lenu la maegesho, kuhusu mahali pa kuanzia. Anzeni kwa kuwaambia watu wanaoingia kwenu bila hodi. Kabla ya jiliwa, kabla ya taa, waketisheni muwaambie mnataka kufanya nini na kwa nini. Wengine watakataa. Wasikilizeni wanaokataa, wana sababu ambazo polisi hawazijui. Na kama nyumba yenu ina chumba ambacho ni cha watu, msikiguse, hata kama jina kwenye hati ni lenu.

Mimi nimehamia kwenye kibanda cha nyuma, kidogo, kina mlango mmoja wa funguo usio na rimoti. Mkaguzi amerudi, ametikisa kabati upya. Mlangoni nimepigilia kibao, kwa Kiswahili na Kiingereza: Hapa hutengenezwa bunduki. Mwite Mama Esta kwanza. Kanisani nilisimama nikasema mwenyewe. Wapo waliotoka nje nikiwa bado nasema, na mpaka leo hawanisalimii. Siwalaumu.

Siku ya kuondoa matanga nilifagia gereji, nikaosha saruji mara mbili pale alipokuwa amelala, ingawa hapakuwa na doa lolote. Viti vikarudi ukutani. Wamama wakaja na mabeseni, wakakaa mduara. Mimi nilibaki mlangoni na birika, nikijidai nina shughuli ya chai, maana sikutaka kuletewa kiti tena.

Mama Riziki hakuniita. Alikuwa anamenya viazi na kuongea na mwenzake. Akachukua kisu kingine kutoka kwenye beseni, akakigeuza, akakishika kwa upande wa makali, akaninyooshea mpini.

Ncha ilikuwa inamwelekea yeye. Niliiona. Nikaona haya mpaka masikio yakawaka moto, nikakipokea, nikakaa, nikaanza kumenya.